SHIMO YA KWELI, HAPANA SHIMO YA RANGI



Siku ya posho yenye kuja, kisha masomo ya asubuhi, Kikundi cha Ndege cha shule yetu kitapiga kura juu ya kanuni ya 4. Wengi kati yenu hawaijui, maana haikubandikwa ku ukuta wa kalasi hata moja. Inasema hivi: ndege ya mfano yenye kuonyesha kama magurudumu yake imekunjwa, sherti iwe na shimo ya kweli ndani ya bawa ao ndani ya tumbo, na gurudumu iingie mule, yote ao nusu. Basi. Ni maneno kidogo tu, lakini tangu maonyesho ya mwisho wa trimestri imeleta kelele mu ateliye, ku rekreasio, mpaka njiani wakati wa kurudi nyumbani. Wenzetu fulani wanataka ifutwe. Sisi wanne wenye kuandika hapa tunataka ibaki, na tunaomba mutusikilize.

Tuanze na maneno ya wale wenye kutaka ifutwe, maana hawako wajinga, tena wawili kati yao wanatushinda mu hesabu. Wanasema kwanza kama shimo inakula wakati: kuzungusha kompa na kupaka duara nyeusi ni kazi ya dakika kumi, lakini kuchimba mashimo mbili yenye kulingana ni kazi ya siku tatu za posho, na wa mwaka wa nne wako na Egzamini ya Serikali mbele yao. Tena wanasema kama juri inasimama metre mbili mbali na meza, na toka pale rangi na shimo ni kitu kimoja. Neno la tatu njo lenye kuuma. Siku ya maonyesho, ndege ya kundi moja (hatutaji, na haikuwa ya sisi wanne) ilikuwa na mashimo mazuri sana, safi, mtu angeweza kuyasifu mu gazeti. Waliirusha toka ku baraza, na bawa ikavunjika hewani, pale pale ku shimo, mbele ya wazazi. Ile ya duara za rangi ikapita juu ya mti wa maembe, na watu wakapiga makofi. "Munaona?" walituambia. "Ndeke ya matundu ilikufa, ndeke ya rangi iliruka."

Sisi tunasema ile bawa iliyovunjika njo ushuhuda mkubwa wa upande wetu. Tutaeleza, lakini inaomba tuingie kidogo mu hesabu. Yule asiyependa hesabu asikimbie, ni ya kujumlisha na kutoa tu.

Ndege zetu tunazikata mu frigoliti, ile kitu nyeupe yenye kufunga televizyo mu karto. Bawa ya kawaida iko na santimetre 25 toka mbele mpaka nyuma. Unene wake tunauweka asilimia 12 ya ule upana, ni kusema santimetre 3 pale wapi iko nene zaidi. Na pale ni wapi? Ni karibu asilimia 30 toka mbele, ni kusema santimetre 7 na nusu. Mbele ya pale bawa inapungua, nyuma ya pale inapungua pia, mpaka inakuwa kama wembe.

Sasa gurudumu. Tunaikata mu sandali ya mpira yenye kuzeeka: upana wa duara santimetre 4 na nusu, unene santimetre 1 na nusu. Ikilala ndani ya bawa, inaomba nafasi yake yenyewe, mguu wake wa waya wa milimetre 2, na milimetre 3 za hewa ili isikwaruze. Jumla santimetre 2. Bawa iko na 3. Mtu anafurahi: inabaki 1, tunaweza kuchimba! Anatafuta pale bawa ni nene zaidi, anachimba, anamaliza.

Kumbe pale bawa ni nene, njo pale mfupa wake unapita. Mfupa ni ile fito ya mbao yenye kutoka ku bawa moja mpaka ku ingine, yenye kubeba uzito wote wakati ndege iko juu. Tunauweka pale kwa sababu ile ile yenye kutufanya tutafute nafasi ya gurudumu: fito ikisimama mu mahali penye kimo kikubwa inakuwa na nguvu zaidi. Gurudumu na mfupa wanataka chumba kimoja. Na karibu na tumbo la ndege, pale gurudumu inapenda kulala, njo pale bawa inavutwa kwa nguvu zaidi, maana uzito wote wa bawa na wa hewa unakusanyika pale. Wale wenzetu wa ile ndege walikata mfupa ili shimo ikae vizuri, kisha wakafunika na karatasi. Shimo haikuwa na kosa. Kosa ilikuwa kuchimba shimo kama mtu mwenye kupaka rangi: kutazama uso wa bawa tu, bila kuuliza nini iko ndani.

Ndiyo maana tunasema shimo ya gurudumu ni somo. Ukipaka duara, unaweza kuipaka popote: mbele, nyuma, juu ya mfupa, hakuna kitu chenye kukujibu. Ukichimba, ndege yenyewe inakujibu. Hakuna pahali pengine ku ndege ya mfano penye kukulazimisha kuchagua namna ile. Mkia unaweza kuuiga mu picha. Madirisha unaweza kuyachora. Shimo haiigiki, sherti uipatie nafasi, na ile nafasi sherti uinyanganye kitu kingine.

Namna gani basi ya kuchimba bila kuvunja? Tutasema namna yetu. Yule mwenye kujua nzuri zaidi atufundishe. Mfupa tunausogeza mbele kidogo, ku santimetre 6 na robo. Shimo inaanza nyuma yake, ku 6.8, na inaisha karibu ku 12. Pale bawa bado iko na unene wa santimetre 2.7 hivi, toa 2, inabaki milimetre 7 za frigoliti juu ya shimo. Ni kidogo, lakini inatosha. Kisha shimo tunaivalisha nguo ya ndani: bwate ndogo ya tomate, ile ya gramu 70. Tunaikata kimo cha santimetre 2, tunakunja midomo yake isikate vidole, tunaipaka kole, inaingia. Duara yake inapita kidogo santimetre 5, na gurudumu yetu ya 4 na nusu inazunguka mule bila kugusa. Ile bati inarudisha kwa bawa sehemu ya nguvu yenye shimo ilinyanganya. Pembeni ya shimo, kuzunguka mdomo, tunabandika pete ya tripleksi ao ya karto ngumu. Gharama yote ni bwate mbili zenye mama zetu walishatupa. Basi yule mwenye kusema kama kanuni ya 4 ni ya watoto wa matajiri, aje tumuonyeshe lile jaa letu.

Bado kuna mguu. Mguu unazunguka ku bawaba, na gurudumu inafuata duara, kwa hiyo haiwezi kulala popote inapotaka. Ikiwa toka bawaba mpaka kati ya gurudumu ni santimetre 8 na nusu, na bawaba iko santimetre 12 toka katikati ya ndege, kati ya shimo itakuwa ku 3 na nusu, hata ukilia. Kati ya mashimo mbili kutabaki ukuta wa karibu santimetre 2. Ukirefusha mguu kwa santimetre 2 tu juu elisi yako ni ndefu, ukuta unaisha, na magurudumu zitapigana mu tumbo. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa saba, kijana mfupi mwenye kukaa siku zote karibu na dirisha, alituuliza sababu gani asiweke mguu mrefu lakini aukunje mara mbili kama goti. Hatukucheka. Kuna ndege za kweli zenye kufanya karibu vile, mguu wao unajifupisha wakati wa kupanda. Tulimpa waya, ajaribu.

Sasa tutoke mu ateliye, twende Luano.

Wapinzani wetu walikuwa na neno la nne, na walilishikilia kama karata ya mwisho. "Tazameni Boeing 737 ikipita juu ya mji," walisema. "Chini ya tumbo lake kuna duara mbili nyeusi. Hata Boeing wanapaka!" Watu wengi wanafikiri vile, na hatuwalaumu, maana Boeing 737 zinatua kwetu tangu miaka ya 1970, wakati wa Air Zaïre, na toka chini zinaonekana kweli kama zimepakwa. Lakini zile duara ni magurudumu yenyewe. 737 iko na miguu mifupi na tumbo lenye kukaa karibu na udongo. Wahandisi hawakuweka milango ya kufunika magurudumu makubwa. Zinalala ndani ya tumbo, na uso wa nje wa gurudumu njo unafunga shimo. Milango ingekuwa uzito, na kila mlango ni kitu chenye kuweza kukwama. Kwa hiyo mwenye kutaka kuiga 737 asiseme kama anaiga rangi. Achimbe, alaze gurudumu sawasawa na ngozi ya tumbo, atakuwa na duara nyeusi ya kweli bila kununua rangi.

Na ndege zenye kupita mu inchi yetu zilijibu swali la shimo kila moja kwa akili yake. DC-3, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1935 na kutumika mu Kongo miaka mingi, inapandisha magurudumu ndani ya nyumba za motere, chini ya mabawa. Haina mlango, na nusu ya gurudumu inabaki nje. Hii haikuwa uvivu: rubani akilazimika kutua bila kutelemsha magurudumu, ile nusu ya nje inasaidia kulinda tumbo. Ndiyo maana kanuni yetu inasema "yote ao nusu". Antonov 26 inaingiza pia ndani ya nyumba za motere. C-130, ile ya mizigo yenye askari wanapenda, ilikataa kabisa kugusa mabawa: magurudumu yake iko mu mifuko mbili pembeni ya tumbo, na ndani ya ndege kunabaki sakafu safi ya kupitisha motokari. Harvard, zenye jeshi la Katanga lilikuwa nazo mwaka 1962, zinakunja miguu kuelekea tumbo, na kwa kupata nafasi, bawa yao imesukumwa mbele kidogo pale karibu na tumbo. Utazame picha: kile kivimbe ku shina la bawa ni gurudumu lenye kuomba nafasi.

Na Fouga? Kila mwaka mtu analeta Fouga ku maonyesho, juu ya hadithi za babu. Wazee wa Lubumbashi na wa Likasi bado wanaitaja, maana mwezi wa Septemba 1961 Fouga moja tu ya Katanga ilikuwa yenye kuruka na kupiga mabomu juu ya askari wa Umoja wa Mataifa, na miji mbili zima zikaijua kwa sauti. Hatuisifu ile kazi yake. Lakini kama somo la shimo ni nzuri: ni jeti, haina elisi yenye kuweza kugonga udongo, basi miguu yake ni mifupi sana, na miguu mifupi inaomba shimo ndogo karibu. Yule mwenye kuanza, aanze na Fouga. Yule mwenye kuanza na ndege ya elisi kubwa, atalia.

Tena kuna ndege zisizokunja kabisa, na hapa tunataka kusema kwa nguvu, maana watu wanatusingizia kama tunazidharau. Cessna 206, yenye misheni nyingi za Afrika zimetumia kwa kubeba wagonjwa na dawa, iko na miguu yenye kusimama siku zote. Inatua ku udongo, ku majani, mu matope. Matope ikiingia mu shimo ya gurudumu na kukauka, mguu unaweza kukataa kushuka. Cessna haina ile hofu. Inapoteza mwendo kidogo mu hewa, inapata usalama na matengenezo rahisi. Ndege ya mfano yenye miguu ya kusimama haivunji kanuni ya 4 hata kidogo, na tunaomba juri isiikate pwenti. Yenye kuvunja kanuni ni ile yenye kusema "nimekunja" na haikukunja.

Mtu atasema: ni michezo ya watoto, frigoliti na bwate, munafanya kelele ya nini? Tunajibu na mambo mbili, na ya pili ni nzito.

Ya kwanza. Tarehe 11 Julai 1991, ndege ya DC-8 iliondoka Jeddah, mu Saudi Arabia, kurudisha mahujaji ku Nigeria. Mipira mbili zake zilikuwa na hewa kidogo, na jambo lilijulikana mbele ya safari, lakini haikutengenezwa. Wakati wa kukimbia ku kiwanja mpira ukavunjika, ukasuguana, ukashika moto. Rubani hakujua, akapandisha magurudumu kama kawaida, na moto ukaingizwa ndani ya shimo, mu mwili wa ndege. Watu wote 261 walikufa. Mwaka 1986 Boeing 727 ya Mexicana ilianguka mu Mexico kwa sababu yenye kufanana: mpira ulijazwa hewa ya kawaida badala ya nitrojeni, ukapashwa moto na breki, ukapasuka ndani ya shimo, na watu 167 wakafa. Shimo si kitundu cha kuficha miguu ili ndege ipendeze. Ni chumba chenye moto wa breki, mafuta ya kusukuma mitambo, waya na mabomba, vyote mu nafasi nyembamba. Wenzetu wenye kusema kama wanataka kuwa wahandisi (na mu kikundi chetu karibu kila mtu anasema vile) wazoee mapema kuuliza: nini iko ndani, na nini inapita pembeni yake?

Ya pili. Siku ya maonyesho, mtoto mmoja, mdogo wa mwanafunzi wa shule yetu, alisimama mbele ya ile ndege ya duara za rangi. Akauliza: "Yaya, mutu anaweza kujificha mule?" Mwenye ndege akajibu kwa mchezo: "Anaweza, ni kubwa sana." Mtoto akaenda na lile jibu.

Sisi hatukupenda. Tarehe 2 Agosti 1999, ku kiwanja cha Bruxelles, wafanyakazi walikuta maiti za vijana wawili wa Guinea ndani ya shimo ya magurudumu ya Airbus ya Sabena iliyotoka Conakry. Majina yao Yaguine Koita na Fodé Tounkara. Mmoja alikuwa na miaka 14, mwingine 15: umri wa wale wenye kuketi mu kalasi zetu. Walikuwa wamevaa nguo juu ya nguo juu ya baridi, na walikuwa na barua yenye waliandika kwa mkono, kwa wakubwa wa Ulaya, kuomba msaada kwa watoto wa Afrika, wapate kusoma. Inaonekana walijua kuandika vizuri. Walijua kama juu kuna baridi. Kimo cha ile baridi hawakujua: ku metre 10,000 inafika digri 50 chini ya sifuri, na hewa ya kupumua haitoshi kubakisha mtu na akili yake, hata amevaa makoti kumi. Na hawakuwa wa mwisho. Tarehe 30 Juni 2019, mtu aliyejificha mu shimo ya magurudumu ya ndege iliyotoka Nairobi alianguka mu bustani ya nyumba moja ya London, wakati magurudumu iliteremka.

Kwetu pia vijana wanaota kuondoka; mukisikiliza ku rekreasio mutasikia. Hatutaki kuhubiri hapa juu ya kuondoka ao kubaki, kila mtu na jamaa yake. Tunasema tu hivi: mtoto aliyepewa ndege yenye shimo ya kweli, akapandisha gurudumu kwa uzi, akaona namna inajaza chumba chote na kubakisha milimetre 3, hawezi kudanganywa na mtu yeyote kama mule kuna nafasi ya kulala. Tulimuita yule mtoto kisha maonyesho. Tukamupa Fouga yetu, akaweka kidole chake cha gumba ndani ya shimo, tukavuta uzi polepole. Gurudumu ikafika ku kidole, akakitosha haraka. Akasema: "Kumbe hapana nafasi." Duara ya rangi ingemwambia nini?

Basi haya njo yenye tunaomba siku ya posho.

Kanuni ya 4 ibaki namna iko. Juri isogee karibu: metre mbili ni mbali, wapewe taa ya mkono na ruhusa ya kuvuta uzi. Pwenti 10 zilizokuwa za "uzuri wa nje" zigawanywe, 5 ziende kwa kazi ya ndani, na mwenye ndege aeleze mbele ya watu mfupa wake unapita wapi. Ndege za miguu ya kusimama zipewe pwenti zile zile kama mwenyewe anaeleza sababu gani alichagua vile. Kwa wa mwaka wa nne wenye egzamini, tunakubali wafanye ndege ya mguu mmoja wenye kukunja na bawa nusu, ibandikwe ku ubao. Hii inachukua siku moja ya posho. Na tunamuomba Mwalimu wetu wa hesabu, kwa heshima yote, atupatie saa moja ya somo lake la duara na pembe ndani ya ateliye. Mu kalasi tunafunda kama nukta inazunguka kati ya duara. Ku bawaba tunaiona ikizunguka na kugonga ukuta.

Juu ya vyombo, tunajua kelele itatoka pale. Musumeno ni mmoja, na waya wa resho wenye tunapasha moto kwa batri, kwa kukata frigoliti, ni mmoja pia. Mpaka leo wakubwa wanachukua vyote kwanza, na wa mwaka wa saba na wa nane wanabaki na wembe na vidole vyenye damu. Tunapendekeza zamu, na zamu ianze kwa wadogo. Yule mwenye kukata na waya wa moto afungue madirisha yote mbili, maana ule moshi wa frigoliti ni mbaya kwa kifua, na mtu asikate peke yake. Tena dada zetu wasiambiwe tena kama kazi yao ni kupaka rangi. Mu maonyesho yaliyopita, pete za tripleksi zenye kukaa sawa kabisa zilikatwa na msichana wa mwaka wa pili, na jina lake halikuandikwa ku ile karto ya mezani. Tuliuliza sababu, hatukujibiwa.

Wenye kupinga wako na haki ya kusema pia, na tunafurahi kusikia kama wanatayarisha karatasi yao kwa gazeti hii. Tunawaomba kitu kimoja: waje na ile ndege ya duara za rangi, tuikate katikati ya mabawa mbele ya watu wote, ili tuone mfupa uko wapi. Sisi tutaleta yetu, ikatwe vilevile. Frigoliti iko, mama wa kantini anatuwekea bwate za tomate toka siku ya kwanza ya juma, na wembe mpya tumenunua mbili.